Mkono wa Kushoto wa Askofu Tarrant

Kwetu Marlcombe hakuna aliyemchukia mtu kwa kutumia mkono wa kushoto. Fundi wetu wa viatu alikuwa wa kushoto, na viatu vyake vilidumu kama vya mwingine yeyote. Lakini mkono wa kushoto wa askofu ulikuwa habari nyingine kabisa. Msichana akiwekewa wa kulia kichwani siku ya kipaimara chake, mambo yake yamenyooka. Akiwekewa wa kushoto, hataolewa, na akiolewa basi mume hatadumu. Kasisi wetu aliupinga upuuzi huo mimbarini mara kwa mara. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru mlangoni, wakarudi nyumbani na imani yao ileile.

Wilmot Crocker aliwekewa wa kushoto. Alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na mitatu, mtoto wa msafisha sufu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo, na hakuwa amemkosea mtu.

Askofu mwenyewe, Jerome Tarrant, hakuzaliwa mkubwa. Baba yake alikuwa mfumaji huko mashariki. Bwana mmoja tajiri aliona kichwa cha mtoto kina akili, akamsomesha, akamfanya kasisi wa nyumba yake, akamsemea kwa wakubwa mpaka akapewa joho. Uaskofu aliopewa ulikuwa huu wetu, ambao kwa wenye uroho wa vyeo ulikuwa kidaraja cha chini tu. Nyumba yake ilivuja, barabara zetu zilimeza magurudumu, na mapato yake yaliwafanya maaskofu wengine wamwonee huruma. Tarrant aliupokea kwa shukrani na macho yake yakiwa yameshaelekea kwingine. Kila askofu mwenzake alipougua, yeye alikuwa wa kwanza kuulizia hali ya mgonjwa.

Siku ile ya kipaimara ilikuwa ya mvua. Watoto wa mitaa saba walikusanywa katika kanisa letu, nguo zao zimelowa mpaka kwenye magoti, mama zao wakiwasukuma na kuwafuta pua. Shangazi yake Wilmot, Jaquet, aliyemlea tangu mama yake afe, alikuja naye. Jaquet hakuja kwa ajili ya Wilmot peke yake. Magoti yake yalikuwa yanamuuma, na ilijulikana kwamba hakuna dawa ya viungo inayopita mkono wa askofu, kwa hiyo alikuwa amejitanda shuka mpaka machoni ili apenye kwenye foleni kama msichana.

"Shangazi, si ulishapata miaka ile?" Wilmot alimnong'oneza.

"Nilipata kwa goti moja," Jaquet akasema. "Funga mdomo, twende."

Askofu alianza vizuri. Mtoto mmoja, mkono mmoja, maneno yake, anayefuata. Ilipokaribia adhuhuri, kijana wa farasi akaingia na matope mpaka kwenye kofia, akamwinamia sikioni. Askofu mmoja wa mashariki, mwenye nyumba kubwa na mashamba ya kutosha watu kumi, alikuwa amefariki. Wote walioko mbele waliuona uso wa Tarrant ukibadilika. Hakuwa na huzuni, hilo nalisema wazi.

Aliangalia foleni, ambayo ilikuwa bado inafika mlangoni. Aliangalia mvua. Kisha akaagiza watoto wapige magoti wawili wawili, akanyoosha mikono yote miwili kwa pamoja, na foleni ikaanza kukimbia. Kulia na kushoto, kulia na kushoto, na farasi wake wakisikika nje wakifungwa matandiko.

Wilmot alikuwa amesimama upande wa mkono wa kushoto wa askofu. Aliliona hilo alipobakiza watoto wachache mbele yake. Alijaribu kumpisha binti wa msagaji ili wabadilishane nafasi, lakini binti wa msagaji hakuwa mjinga. Wilmot alipopiga magoti, mkono uliokuja juu ya kichwa chake ulikuwa mwepesi na wenye harufu ya glavu zilizolowa, ukaondoka kabla hajafumba macho vizuri.

"Ulikuwa upi?" Jaquet alimuuliza nje.

Wilmot akainua wake wa kushoto. Jaquet akakaa kwenye jiwe, akasugua magoti yake, ambayo yeye mwenyewe alibahatika kuyapatia mkono wa kulia, akaanza kulia.

Sasa nieleze jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Wasichana wengi waliwekewa mkono wa kushoto siku ile, na karibu wote waliolewa. Waliolewa kwa sababu walikaa kimya, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka nani alipiga magoti wapi. Wilmot naye angeweza kukaa kimya. Waliojua ni yeye, shangazi yake na binti wa msagaji, ambaye alihama. Kilichomharibia Wilmot ni kutaka kulitengeneza.

Miaka mitatu baadaye askofu alipita tena upande wetu. Cheo cha mashariki hakukipata, na hilo tulilijua kwa sababu bado alikuwa wetu. Wilmot alikuwa amekua, na kulikuwa na kijana aliyeitwa Digory Hext, fundi wa kuezeka, aliyekuwa akipita nyumbani kwa Jaquet kuulizia paa ambalo halikuwa na tatizo. Jaquet akasema, huyu atakuposa, na kabla hajakuposa lazima tuusafishe ule mkono. Wakatembea mpaka mtaa wa mbali ambako hawakujulikana, wakajipanga na watoto wa huko. Kipaimara hakirudiwi. Sheria ya kanisa ilikuwa hivyo, na kila mtu aliijua, kama vile kila mtu alivyojua kwamba wazee wenye magoti mabovu hukirudia kila wanapoweza.

Safari hii askofu aliweka mkono mmoja kwa kila mtoto, wa kulia, taratibu. Wilmot alikaribia mpaka akaona nyuzi kwenye mkono wa joho lake. Ndipo mzee wa kanisa wa pale, aliyewahi kununua sufu kwa baba yake, akamtambua.

"Huyu wa Marlcombe. Huyu alishawekewa mikono, Bwana Askofu. Nilikuwepo."

Kanisa likanyamaza. Askofu akamtazama bila ukali.

"Ni kweli, binti?"

Wilmot hakuweza kumdanganya askofu. "Ni kweli."

"Basi umerudi kufanya nini? Jambo hili ni kama ubatizo. Likishafanywa limefanywa."

"Ulikuwa wa kushoto, Bwana Askofu," Wilmot akasema, na ile sauti yake ndogo ikafika mpaka kwenye milango kwa sababu ya ule ukimya.

Askofu akatabasamu. Alikuwa mtu wa maneno, na miaka mitatu ya kusubiri cheo ilikuwa imempa nafasi chache za kuyatumia. "Mwanangu," akasema, akigeukia watu ili nao wasikie, "mkono wangu wa kushoto ndio unaoshika glasi ya mvinyo. Kama kuna mkono wangu unaojua kazi, ni huo."

Kanisa zima likacheka, wazee wa kanisa, akina mama, hata watoto ambao hawakuelewa. Wilmot akainuka, akatoka katikati ya kicheko kile, Jaquet nyuma yake akichechemea. Jioni neno la askofu lilikuwa limeshafika kwenye vilabu vya bia, na wiki haikuisha kabla halijafika Marlcombe. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kukumbuka nani alipiga magoti wapi. Ilitosha kusema yule wa mkono wa glasi.

Digory alimpenda, msimnyime haki yake. Alikuja kumweleza mwenyewe, amesimama na ngazi yake begani kana kwamba anapita tu.

"Mama hataki," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nataka. Lakini unamjua mama. Baba alianguka kutoka juu ya paa, akafa pale alipoangukia. Sasa anasema, mtu anayepanda mapaa kila siku ya Mungu, aoe wa mkono wa kushoto? Anasema afadhali nijirushe mwenyewe nimalize."

"Mama yako ana ulimi."

"Subiri kidogo apoe," Digory akasema. "Atapoa."

Wilmot alisubiri. Alisokota sufu za watu, akamuuguza Jaquet, akamzika. Thomasin Hext, mama yake Digory, hakupoa. Kila alipokutana na Wilmot njiani alijifanya ana kamasi na kugeukia ukuta. Mwisho wake Digory akaozeshwa msichana wa bonde la pili, mpole, mwenye mkono wa kulia uliothibitishwa na mashahidi. Siku ya harusi Wilmot alikuwa mtoni akifua mablanketi ya watu, na aliyafua vizuri, kwa sababu hasira humfanya mtu afue vizuri. Baada ya hapo hakuna mwanamume aliyekuja kuulizia paa.

Miaka ikapita bila huruma. Mfalme na Bunge wakapigana, wanaume wetu wakachukuliwa upande huu na ule, na Bunge liliposhinda likafuta maaskofu wote kama mtu anavyofagia ukumbi. Kitabu cha sala kikapigwa marufuku. Jerome Tarrant, ambaye hakuwahi kupata uaskofu mwingine, sasa alipoteza hata ule mdogo. Askari walikula na kulala katika nyumba yake inayovuja, wakachoma viti vyake, wakamtoa na sanduku moja. Mkewe alikufa katika kuhama huko. Rafiki mmoja mwenye shamba upande wetu akampa nyumba ya mawe pembeni mwa Marlcombe, na mzee akaja kukaa humo, jirani na kanisa ambalo aliwahi kulikimbia.

Alihitaji mtu wa kumpikia na kumfulia. Hakuna aliyetaka, maana kuonekana mlangoni kwa askofu siku zile kulikuwa kujitafutia balaa. Wilmot alitaka. Watu walidhani ni njaa. Ukweli ni kwamba alikuwa na neno moja tu la kumwomba mzee yule, na sasa mzee hakuwa na wazee wa kanisa wa kumfukuza. Hakutafuta mume tena. Alitaka tu mkono wa kulia juu ya kichwa chake, hata mara moja, ili kile kitu kilichokaa hapo tangu utotoni kiondoke.

Siku ya kwanza aliingia akamkuta kwenye kiti karibu na moto, mzee mkubwa wa mwili aliyekonda ndani ya nguo zake. Akamsalimu, akapiga goti kidogo, akangoja anyooshe mkono. Mzee akanyoosha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, umekunjika vidole, na haukusogea.

"Kiharusi," mzee akasema kwa mdomo uliopinda kidogo. "Tangu walipotutoa. Utanizoea."

Wilmot akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa muda mrefu, na si kicheko ambacho ungependa kukisikia.

Alibaki. Hata yeye hakuweza kusema kwa nini. Alimlisha uji wa shayiri na mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa kondoo, akamwogesha, akamkata kucha za mikono yote miwili. Ule wa kulia aliusugua mafuta kila asubuhi kwa sababu ngozi ilikuwa inapasuka. Ulikuwa mzito na wa baridi, kama kitu kilichosahauliwa nje. Mzee hakumkumbuka, wala yeye hakumkumbusha. Walizoeana kama wanavyozoeana watu wawili walioachwa katika nyumba moja. Yeye alimwita "mwanamke mwema", na Wilmot akamwita Bwana Askofu, jina ambalo sasa lilikuwa hatia.

"Uji huu una moshi," mzee alikuwa akilalamika.

"Una moshi kwa sababu bomba lako la moshi lina kiota cha kunguru, Bwana Askofu. Panda ukakitoe."

"Ningekuwa kule mashariki ningekuwa na mpishi."

"Ungekuwa kule wangekuchoma na viti."

Majira ya baridi ya pili, alasiri moja, mlango ukagongwa. Wilmot akafungua, akamkuta Digory Hext amevua kofia. Nywele zilikuwa zimemtoka. Nyuma yake alisimama binti yake, Ebbot, mrefu, mwenye mashavu mekundu kwa baridi.

"Wilmot."

"Digory. Paa letu ni la mawe."

Digory akaiangalia kofia yake. "Ebbot ameposwa na mtoto wa akina Yeo. Mama Yeo ni mtu wa zamani. Anasema bila mkono wa askofu hakuna harusi, na maaskofu wamefutwa, na askofu aliyebaki karibu ni huyu wako." Akameza mate. "Na anataka kujua ni mkono upi."

"Bila shaka," Wilmot akasema.

"Ninaomba uangalie uwe wa kulia."

Wilmot alimtazama mpaka masikio yake yakawa mekundu kama mashavu ya bintiye. "Unajua unamwomba nani?"

"Najua."

"Nataka tu kuwa na hakika."

"Mama amekufa, Wilmot. Angekuwepo ningemleta yeye aje akuombe. Haki ya Mungu ningemvuta kwa nguo." Alitaka kucheka, hakuweza. "Mtoto hana kosa."

Ni kweli mtoto hakuwa na kosa. Hata Wilmot hakuwa nalo, na hakuna aliyemvuta mtu kwa nguo kwa ajili yake. Aliwaambia wangoje kwenye ukumbi mdogo, akaingia kwa mzee, akafunga mlango.

Aliposikia, mzee alifurahi kuliko Wilmot alivyowahi kumwona tangu aje. Tangu afutwe hakuwa amemwekea mtu mikono. "Nitolee joho," akasema. "Nitatumia wa kushoto. Mungu haangalii upande."

"Watu wanaangalia," Wilmot akasema.

"Ule upuuzi wenu bado upo?"

Hapo ndipo maneno yalipomtoka. Hakupaza sauti, sauti hiyo hakuwa nayo. Alisimama ameshika joho alilolitoa sandukuni, akamwambia yote, mvua, watoto wawili wawili, kanisa la mtaa wa mbali, glasi, kicheko. Alimwambia habari za Digory, aliyekuwa nyuma ya mlango uleule akipasha mikono. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya mvua, ulikuwa unakimbilia wapi?" Wilmot akamuuliza.

"London. Vyeo hugawiwa huko, na mashariki kulikuwa na nafasi."

"Uliipata?"

"Alishapewa mtu mwingine. Nilipofika kwenye kivuko cha kwanza nilikuta habari zimenitangulia. Alishapewa hata kabla yule marehemu hajafa."

"Basi usingetuharakisha ungekosa nini?"

"Nisingekosa kitu," mzee akasema. Kisha akauliza, "Na lile neno la glasi, nililisema kweli?"

"Ulilisema. Walicheka sana."

"Lilikuwa neno zuri," akasema, na mara akayasikia maneno yake mwenyewe, akafunika uso kwa mkono wake mzima. Alikaa hivyo mpaka Wilmot akaanza kumvika joho, kwa sababu watu walikuwa wanangoja na baridi ilikuwa kali.

Joho la askofu lina mikono mipana ya kitani cheupe, imekusanywa kwenye kiwiko na kujaa hewa, mtu mwingine anaweza kujificha ndani yake. Wilmot alikuwa amelifua na kulipiga pasi bila kujua litatumika lini. Akamweka mzee wima kwenye kiti, akasimama nyuma yake upande wa kulia, karibu kama mjakazi anayemshikilia mgonjwa asianguke. Akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa joho, akaukamata ule wa mzee chini ya kifundo.

"Unafanya nini?" mzee akanong'ona.

"Nakusaidia kazi, Bwana Askofu. Wewe sema maneno yako."

Ebbot akapiga magoti. Digory alisimama mlangoni, macho hayabanduki. Wilmot akainua, na ule mkono uliokufa ukapanda ndani ya kitani cheupe, vidole vimelegea, ukatua juu ya nywele za binti wa Digory Hext. Ulikuwa mzito. Bega la Wilmot lilianza kumuuma kabla mzee hajafika katikati ya maneno, lakini hakutetemeka. Alikuwa anaweza kuuachia. Angeuachia kidogo tu, ungeteleza mpaka begani mwa msichana na kila mtu angeona, na mzee angelazimika kuinua ule mwingine. Alilifikiria hilo. Ningedanganya nikisema hakulifikiria. Aliushikilia mpaka mwisho.

Digory alimshukuru mzee kwa kuinama. Kwa Wilmot alisema, "Umeangalia vizuri," akavaa kofia, wakaondoka.

Wilmot alikuja kumvua joho, lakini mzee akamzuia.

"Piga magoti, Wilmot."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Wilmot akasimama tu.

"Hakirudiwi," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua nilichokufundisha. Piga magoti, mwanangu."

Alipiga. Magoti yake sasa yalikuwa kama ya Jaquet. Akainamisha kichwa, akafumba macho mapema ili safari hii asichelewe. Lakini hapakuwa na mtu wa kusimama nyuma ya kiti. Mzee akautwaa mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akahema, akausogeza mbele. Wilmot alisikia vidole vya baridi vikigusa nywele zake, na juu yake vile vingine vya moto vimevishika, maana bila hivyo visingefika. Mzee akaanza maneno. Alipojaribu kuuondoa wa kushoto ili ubaki wa kulia peke yake, huo ukateleza, ukampiga Wilmot shavuni, ukaangukia mapajani mwa mzee. Akauinua tena. Ukaanguka tena. Akajaribu mpaka akaanza kulia kama mtoto, bila kujificha.

"Umechoka, Bwana Askofu," Wilmot akasema.

Akauchukua ule mkono mapajani mwake, akaurudisha chini ya blanketi, akainuka kwa kushika ukingo wa kiti. Kisha akaenda kutazama uji, ambao ulikuwa umeungua.

Mzee alikufa kabla ya Kwaresima. Tulimzika bila kitabu na bila kengele, na waliofika hawakuzidi benchi moja. Wilmot ndiye aliyemwosha. Alimvika lile joho, akapanga mikono yote miwili kifuani. Wa kushoto aliuweka chini ya wa kulia.

Wiki moja kabla ya harusi, Mama Yeo alikuja kwa Wilmot, aliyekuwa amerudi kwenye nyumba ya Jaquet na kusokota sufu za watu. Alikuwa mwanamke mnene, safi, mwenye adabu. Alikaa, akakubali maziwa, akayasifu.

"Mama Ebbot na mume wake wananiambia mkono wa kulia," akasema. "Lakini wao ni wazazi. Na nasikia mzee alikuwa amepooza. Mimi nina mtoto mmoja tu, Wilmot. Niambie ukweli."

Gurudumu la kusokotea lilikuwa bado linazunguka. Wilmot akalisimamisha kwa kiganja.

"Ulikuwa wa kulia," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliuona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote."

"Unaapa?"

"Naapa."

Mama Yeo akashusha pumzi, mwili wote ukalegea. Akamshika Wilmot goti. "Basi nimetulia. Nimekuja kwako kwa sababu hiyo, unajua. Nilisema, mtu wa pekee ambaye hawezi kunidanganya juu ya jambo hili ni Wilmot, anajua lilivyo."

"Nalijua," Wilmot akasema.

Mama Yeo akainuka, akajifunga shuka yake, akafika mlangoni, akasita. Ilionekana ana neno linalomsumbua, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu alitafuta namna ya kulisema bila kuumiza.

"Siku ya harusi utakula na sisi, chakula kitakuwa kingi. Ila kanisani, usinielewe vibaya, ni afadhali usisogee karibu na bibi arusi. Watu wana maneno."

"Sikuelewi vibaya," Wilmot akasema.

Siku ya harusi alibaki nyumbani. Walimletea pai ya kondoo ikiwa bado moto, imefunikwa kitambaa, na mtoto aliyeileta aliiweka kizingitini akakimbia.